Tone Jeupe Juu ya Skrubu

Mimi shule niliachia darasa la tatu. Mto ulifurika ukabeba madawati, na yalipokuja mengine nilikuwa nimeshazoea jembe. Kwa hiyo mkiona maneno yangu yanapinda kama Tana yenyewe, nivumilieni. Nataka kueleza nilivyompoteza rafiki yangu kwa skrubu moja, na sina budi kuanzia Bura, maana kosa lilizaliwa Bura.

Bura niliwahi kufanya kazi kwenye pampu za kupandisha maji mferejini. Zilikuwa za dizeli. Dizeli ukiizidishia mafuta inatoa moshi mweusi, inachemka, inakufa. Ukiipunguzia inapoa, inaimba. Miaka yote ile nilijifunza jambo hilo moja: moshi mweusi ni ugonjwa, na dawa yake ni kupunguza. Msimamizi wetu alitufundisha pia kwamba kila skrubu ukiigeuza uipake tone la rangi nyeupe, ili ikisogea ujue. Nilipokuja kufungua gereji Garsen, mkebe wa rangi nilikuja nao. Mke wangu alikuwa akisema siku nikifa atanipaka tone kwenye paji la uso, ajue kama nimesogea.

Rafiki yangu alikuwa Mworma, mtu wa ng'ombe. Sisi Wapokomo tunalima, wao wanachunga, na ng'ombe wakiingia shambani mwajua wenyewe yanayofuata. Lakini sisi wawili tulijuana tangu watoto, kijijini Wema. Mama yake akimletea mama yangu maziwa, mama yangu akimfungia ndizi. Tukiwa peke yetu yeye aliniita mla ndizi, mimi nikamwita mshika mkia. Mbele za watu tuliitana ndugu yangu.

Mwaka uliofuata zile mvua kubwa zilizozamisha nchi, nyasi ziliota mpaka kifuani, na ng'ombe wakajaa maziwa. Rafiki yangu akapata wazo la kukusanya maziwa ya maboma ya jirani, ayapeleke Malindi. Siku zile magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele, kwa ajili ya majambazi. Ukiukosa wa asubuhi, maziwa yanagandia kwenye mitungi. Alihitaji gari la mbio. Akauza ng'ombe, hata yule maksai mwekundu aliyekuwa akimwimbia, akanunua gari la Kijapani la petroli, lenye turbo. Kina mama wa maboma wakamkabidhi maziwa yao. Walimwamini yeye, na yeye aliniamini mimi.

Turbo, kwa asiyejua, ni kifeni kinachozungushwa na moshi wa gari lenyewe, kinasukumia injini hewa nyingi ipate nguvu. Ile ya kwanza ilikufa mapema. Akapata nyingine Mombasa, kubwa zaidi, iliyotolewa kwenye gari la mashindano. Nikaifunga mimi, vizuri kabisa, hilo hata leo silionei haya. Ila gari lile lilikuwa na kompyuta yake, kiboksi kilichofichwa mbele ya miguu ya abiria, na kompyuta ilikuwa bado inaishi na turbo ya zamani. Ikabidi aitwe fundi wa Mombasa, kijana wa miwani, aje na kompyuta yake ya kukunja.

Alipomaliza akanichorea mchangani vishimo kama vya bao.

"Mzee, ndani ya kile kiboksi kuna ramani ya namna hii. Huku ni mwendo wa injini, huku ni nguvu ya hewa. Kila kishimo kina kete zake, ndiyo petroli. Turbo ya zamani haikufika vishimo hivi vya mwisho. Hii inafika."

"Na umevijaza?"

"Nimevijaza kupita kiasi, makusudi. Gari litakunywa, litatoa moshi. Wiki ya tatu nakuja na kipimo, napunguza kimoja kimoja. Mpaka siku hiyo asilikimbize, na wewe usiguse. Hewa ikiwa nyingi na petroli ikawa chache, pistoni inayeyuka."

Niliitikia kwa kichwa. Moyoni sikuamini. Mafuta yapoze moto? Huko Bura angechekwa.

Haikupita wiki, rafiki yangu akaja.

"Ndugu yangu, hii gari inakunywa kuliko ngamia. Na moshi yake, watu wanasema nimenunua jiko."

"Kijana amesema tungoje."

"Maziwa inangoja?"

Nikacheka. Nilitaka kumfurahisha, huo ndio ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba nilitaka ajue Garsen nayo ina fundi. Kompyuta sikuweza kuigusa, ila kwenye bomba la petroli kuna kifaa kinachoshika presha, na juu yake kuna skrubu. Ukiilegeza, presha inashuka, na kila kishimo cha ramani kinapata kete pungufu. Niliilegeza. Moshi ukakatika. Nikapaka tone langu.

Siku nne gari liliruka kama swala. Siku ya nne nilifungua plagi moja nikaikuta nyeupe kama chaki, nikafurahi, nikasema tumbo lake sasa ni safi. Leo hata mtoto wa bodaboda anajua plagi nyeupe ni njaa ya petroli.

Siku ya tano alichelewa akingojea maziwa ya boma moja. Msafara ukamtangulia, naye akakanyaga kuufukuzia. Alipokwisha kupita Minjila injini ikagonga, ikanyamaza. Alirudishwa kwa kuvutwa na trekta jua likiwa utosini. Kina mama walikuja mpaka uani kwangu. Mmoja, mtu mzima, alitumbukiza kidole mtungini, akaonja, akatikisa kichwa. Wakaanza kumwaga, mtungi baada ya mtungi, na nzi wakaja. Mworma hamwagi maziwa hivi hivi. Walimwaga bila kuangaliana.

Nilipofungua injini, pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole.

"Yule kijana ametuharibia," nikasema. Lilitoka jepesi, kama salamu.

Kijana akapigiwa simu ya posta. Alikuja na basi, wala hakukasirika. Akafunga geji kwenye bomba la petroli, akawasha swichi, akatazama.

"Presha iko chini. Nani amegusa hapa?"

"Sijui," nikasema.

Rafiki yangu akainama chini ya boneti. Miaka mingapi alikuwa amekaa kwenye benchi langu, akinishikia ule mkebe huku akinitukana mla ndizi? Akaliona tone. Akalipitishia kidole gumba, taratibu, kama mtu anayempapasa ndama usoni. Kisha akamwambia kijana, "Pole kwa safari. Kosa si yako."

Nikangoja anigeukie. Nilitaka anitukane, anitukanie hata mama yangu aliyekunywa maziwa yao. Akajifuta kidole kwenye kikoi.

"Asante, fundi," akasema.

Dunia nzima huniita fundi. Yeye hakuwahi.

Nilichelewa kwenda bomani kwake, mwezi, miezi miwili. Kila asubuhi nasema leo. Nilipokwenda nilikwenda kwa miguu, mkungu wa ndizi begani, kama zile mama alizokuwa akimfungia mama yake. Alinipokea vizuri. Akanipa maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi, kama anavyopewa mgeni yeyote anayetoka mbali. Akaniuliza hali ya mvua huko Garsen, na yeye mwenyewe alikuwa sokoni huko siku mbili nyuma.

"Ndugu yangu," nikaanza, "ile skrubu..."

"Kunywa maziwa, fundi," akasema.

Nikanywa.