Tayari Kuanza

Mwandishi wa maelekezo ya kompyuta huandika kwa vidole viwili, na kila sentensi huisoma kwa sauti, midomo ikicheza kama mtu anayeonja chumvi. Karani wa stoo amezoea kuulizwa, "Dada, hapo umeelewa nini?" Leo amekuja bila kuitwa, amevimba kwa hasira. Alifuata maelekezo yake ya kuwasha huduma ya kuchapa, ile programu inayoendesha printa, akaandika amri neno kwa neno, kisha akaikodolea macho printa isiyochapa asubuhi nzima huku madereva wakipiga honi nje, wakidai hati za mizigo. Mwandishi hakubisha. Aliisoma sentensi yake tena, "Amri hii huiwasha huduma," akaguna, akaifuta yote, akaandika: "Amri hii huiweka huduma tayari kuanza kompyuta itakapowashwa tena. Ukitaka ianze papo hapo pia, ongeza chaguo la 'sasa'."

Karani akacheka, hasira zote zimeyeyuka. "Hapo hata mama mkwe wangu hana la kubisha. Haya kaka, twende tukale."

"Nakuja," akasema mwandishi, macho kwenye skrini, wala hakuinuka.

Karani akageuka mlangoni. "Unakuja sasa, au mpaka tukuzime kwanza, tukuwashe tena?"