Nguzo ya Jebel

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo cha upimaji alinipandisha Jebel, mlima wa mawe ulio pembeni mwa Juba, akanionyesha nguzo fupi ya chuma iliyochomekwa kwenye mwamba. Juu yake kulikuwa na antena ya setilaiti. "Kazi yako ni kuhakikisha hii haisogei," akaniambia. "Hata unywele." Nikadhani ananitania.

Nyinyi vijana wa upimaji mnaobonyeza simu tu, sikilizeni. Kwenye ncha za dunia barafu ilikuwa nene kupita mlima wetu mara nyingi, ikailemea ardhi. Sehemu yake ilipoyeyuka, ardhi ikaanza kuinuka polepole, kama godoro akishaondoka mtu mnene. Kwa mwendo wa kuinuka huko, wataalamu hukokotoa barafu ilikuwa nene kiasi gani na iliondoka lini. Lakini huwezi kujua kinachopanda bila vituo vya kulinganishia, mbali na barafu. Kimojawapo kilikuwa chetu.

Shida ni kwamba mwamba huo ulikuwa pia riziki ya watu. Baada ya vita Kiden, mjane, na mdogo wake Poni walikuwa wakichoma matairi juu ya jiwe ili lipasuke, kisha wakiponda kokoto za kuwauzia wajenzi. Ufa ukifika kwenye nguzo, vipimo vya miaka vinaharibika. Nilimwomba Mkuu tuwawekee tu alama ya mpaka kuizunguka nguzo.

"Mlima ni mkubwa, waende upande wa pili."

"Kule mawe yamelegea, mkuu."

"Nimeshasema."

Mnyonge hana haki. Askari wakawafukuza, wakahamia upande ule.

Mvua zilipokuja, jiwe liliporomoka likamfunika Kiden. Tulimtoa kwa mitaimbo, hana uhai. Nililia kwa hasira mbele ya Mkuu. Akanipa pole, kisha akanikumbusha kutuma vipimo. Vilikuwa safi, na akasifiwa.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Juba Na Bari, na sifa zile bado zinanichefua. Juzi nilimkuta Poni palepale mlimani, nyundo mkononi. Nikamwuliza kama uchungu umepungua. Aliuliza ile nguzo ilikuwa ya nini hasa, nami nikamweleza yote.

"Ustaz, hiyo barafu ilitoka lini?"

"Maelfu ya miaka iliyopita."

"Na ardhi iko nainuka mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Akaweka jiwe jingine mbele yake. "Basi mimi usiniulize tena."