Siku Nilipoulizwa Diski Imejaa Nini

Jamani, mimi nimewahi kuaibika. Sisemi kuaibika kwa kuteleza kwenye tope la Karatu siku ya mvua ukiwa umevaa suti, hiyo ilishanipata na nikacheka pamoja na walionicheka. Nasema kuaibika kwa kushika kipaza sauti mbele ya ukoo mzima, padre amekaa pale, wajane wamekaa pale, halafu ukatakiwa ujieleze. Na chanzo chake ni namba moja tu kwenye kompyuta.

Mimi ni fundi mitambo kwenye kituo kidogo cha kurekodi sauti hapa Karatu mjini. Tunarekodi wazee: hadithi, nyimbo, na hasa slufay, yale maombi marefu ya Kiiraqw ambayo mzee anabariki mvua, mifugo, watoto na mashamba, na waliokaa wanaitikia kila anaposhusha pumzi. Tuna kompyuta moja kubwa ya msaada, yenye memori kubwa kuliko akili ya aliyekabidhiwa (huyo ni mimi), nayo ilikuwa na ugonjwa wa kuanguka. Unafanya kazi vizuri, mara kioo kinaganda, kisha inajizima na kujiwasha yenyewe kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa kompyuta ya aina ile ikianguka, kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayosimamia kila kitu, kinamwaga kwenye diski vyote vilivyokuwa kwenye memori wakati huo, ili fundi aje asome ni nini kilichoiangusha. Faili hilo tunaliita dampu. Ukiliacha lilivyo linakuwa kubwa kama memori yenyewe, na sehemu kubwa ni kurasa tupu na vitu visivyohusika na ugonjwa. Kwa hiyo unatakiwa ulipunguze: unaiamuru kompyuta itupe kurasa tupu, itupe na data za programu za kawaida, ibakize za kiini peke yake, halafu izigandamize. Ni kubadilisha namba moja kwenye mipangilio, basi, na lililokuwa gunia linakuwa kibaba.

Haya yote nilishaambiwa na Neema, niliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi ndiye mtaalamu wa mambo hayo kule Arusha. Nilimpigia kumuuliza kuhusu ule ugonjwa akanicheka kidogo, akasema, "Emanueli, pepeta kwanza ndiyo unitumie, makapi sina pa kuyaweka." Kauli hiyo naambiwa mimi, mtoto wa Mbulumbulu, aliyekulia kwenye ngano, ambaye mama yake asingemruhusu kupeleka makapi sokoni hata kwa bahati mbaya. Nikamjibu sawa, na sikufanya. Kisa ni kiburi tu. Chuoni Neema alikuwa anaomba madaftari yangu, sasa leo anifundishe kupepeta? Nikajiambia nitaziacha dampu nzima nzima, nizisome mwenyewe ukurasa kwa ukurasa, niipate sababu, kisha nimpigie kumtaarifu kwa sauti ya upole. (Nilikuwa nimeshaifanyia mazoezi hiyo sauti.) Nikaona pia kwamba nikitupa chochote, huenda sababu yenyewe imejificha humo humo. Basi kila ilipoanguka, dampu nzima ikaongezeka, kwenye diski ile ile tunayowekea sauti za wazee. Na kusoma sikusoma hata moja.

Ndipo akaja mzee Tluway kutoka Mbulumbulu, na mke wake na mwanawe mkubwa, Gwandu. Mzee huyu alikuwa anajulikana. Kwa slufay, wengine walikuwa wanajaribu tu. Bosi wangu Madam Restituta mwenyewe akaja kukaa studio ili awe miongoni mwa waitikiaji. Mzee akafumba macho, akaanza, na hata hajafika mbali kukatokea kidirisha kwenye kona ya kioo kikisema nafasi kwenye diski imekwisha.

Nilikiona. Nisidanganye kwamba sikukiona. Lakini kwetu slufay haikatwi. Baraka ikishaanza kutoka kinywani mwa mzee inaachwa ifike mwisho, na anayeikata anaweza kukumbushwa jambo hilo kila ng'ombe wa jirani akitupa mimba. Nimwambie mzee aliyefumba macho kwamba asimamishe mvua kidogo, nafuta mafaili? Nikakifunga kile kidirisha. Mawimbi ya sauti yalikuwa bado yanacheza kwenye kioo, nikajifariji kwamba mashine imejipanga yenyewe, nami nikaitikia pamoja na wengine, tena kwa sauti kubwa. Mzee alisema mpaka chai ikapoa. Alipomaliza Madam alikuwa analia. Jioni nilifuta dampu kadhaa, nikaona faili lenye jina la mzee lipo mahali pake, nikafunga ofisi nikaenda zangu nyumbani.

Mzee Tluway alifariki baada ya mavuno. Siku ya kuweka msalaba kaburini ilipokaribia, Gwandu akaja kuniomba ile sauti, kwa sababu mama yake alikuwa haombi kitu kingine: wachinje, wasichinje, yeye anataka baba awabariki watu wake mwenyewe. Nikainakili kwenye flashi bila kuisikiliza. Nikajichukulia na nafasi ya kuja kuicheza kwa mkono wangu, maana nilitaka nionekane.

Watu walikuwa wengi, mpaka Wamasai wa Oloipiri ambao marehemu alibadilishana nao madume ya ng'ombe walikuwepo, na shuka zao safi. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa tutamsikia mzee, kila mtu akae tayari kuitikia. Spika zikanguruma. Akasikika mzee anakohoa. Akauliza, "Inashika?" Ikafuata sauti yangu mimi, changa, imejaa uhakika: "Inashika, mzee. Endelea." Likaja neno la kwanza la slufay, na nusu ya la pili, na kimya.

Watu wakaitikia. Hilo ndilo siwezi kulisahau, waliitikia kabisa, wakasubiri, hakuna kitu. Mshereheshaji akatikisa nyaya, vijana wakakimbilia jenereta, mimi nikafungua lile faili tena na tena huku najua, maana kile kidirisha kilikuwa kimenirudia chote kichwani. Mwishowe nikapewa kipaza sauti nieleze. Nikasema diski ilikuwa imejaa siku ile. Gwandu, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya mbegu, akaniuliza, "Ilikuwa imejaa nini?"

Mngenishauri nijibu nini? Nikasema, "Takataka za mashine, kaka." Nikasikia mtu nyuma anawatafsiria wazee.

Wiki iliyofuata nilibadilisha ile namba. Kompyuta ilipoanguka tena ikatoa dampu ndogo, nikaituma Arusha kwa bando la simu, na kabla ya chakula cha mchana Neema alishaona ni programu ya kadi ya sauti, akanielekeza, na haijaanguka tena. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Tangu hapo nimeapa: sianzi kurekodi mtu bila kuangalia nafasi, na kidirisha kikitokea nasimamisha hata kama anayesema ni askofu.

Nilikwenda Mbulumbulu kumwomba radhi mama. Hakunikaripia, alinipa maziwa, kisha akatoa kisimu chake cha vitufe akaniomba nimwekee kile kipande kilichobaki. Nikamwambia ngoja kwanza niikate ile sauti yangu, abaki mzee peke yake, maana kwa kweli sikutaka kila akimsikiliza mumewe anisikie na mimi nikidanganya.

"Mwanangu," akasema, "imeshakuwa ndogo hivi, bado unataka kuipunguza?"

Nikaiweka kama ilivyo.