Sikio la Kulia la Skola

Sisi tuliokulia Mlabani miaka ile tulikuwa na dawa moja kwa kila tundu la kichwa: mafuta. Sikio likiuma, unatiwa tone la mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto kwenye kijiko. Pua ikiziba, unapakwa mafuta puani, kisha unafunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mwarobaini, ujifukize mpaka machozi na makamasi yakutane kidevuni. Damu ya pua ikitoka, bibi anakulaza kichwa nyuma, unaimeza yote, naye anatangaza, "Imekoma." Kumbe imebadili njia tu, siku hizi tunaambiwa uiname mbele na kubana pua. Mdogo wangu aliwahi kujiingiza punje ya mpunga puani. Babu akamnusisha ugoro, mtoto akapiga chafya mpaka jioni, punje ikatoka. Leo mtoto akikohoa mara mbili, mama yake ameshauliza kwenye simu na kupata majibu kumi.

Tukikutana watu wa rika langu tunayacheka hayo. Lakini kuna jambo la masikio ambalo sikuwahi kulisimulia.

Darasa la nne nilikaa dawati moja na Skolastika, tuliyemwita Skola. Wazazi wake walikuja kutoka upande wa Mahenge kulima mpunga. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoka usaha tangu akiwa mdogo. Masika, maji yalipojaa mitaroni, tulipiga mbizi sote. Sisi tulitoka na matope, yeye alitoka na homa na sikio linalovuja. Mama yake alijaribu mafuta, maji ya majani, hata unyoya wa kuku wa kusafishia. Sikio likazidi kuziba.

Mwalimu wetu aliniketisha kulia kwa Skola makusudi, nimrudie maneno ya imla asipoyapata. Mama Skola alikuja nyumbani na kikapu cha viazi vitamu, akanishika mkono.

"Mwanangu, msaidie mwenzio. Baba yake anasema mtoto asiyesikia, shule ya nini."

"Sawa, mama," nikamjibu. Nikajivuna wiki nzima.

Kisha wenzangu wakaanza kuniita Nesi. "Nesi, mgonjwa wako ameamkaje?" Walibana pua nikipita. Kwenye mchezo wa rede nikawa sichaguliwi tena upande wowote, na kwa mtoto wa miaka kumi hiyo ilikuwa adhabu kubwa.

Asubuhi moja nikamfuata mwalimu mezani. Skola alikuwa kwenye dawati letu, hatua chache tu, ametupa mgongo.

"Mwalimu, Skola ananuka. Nikikaa naye nashindwa hata kula."

Ulikuwa uongo. Harufu ilikuwepo siku nyingine, lakini mimi na yeye tulikula viazi bakuli moja na sikuwahi kushindwa. Mwalimu akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema ninayo.

Skola akahamishiwa dawati la mwisho, peke yake. Huko sauti ya mwalimu haikumfikia. Walimu wengine walimchapa wakidhani ni mkaidi. Mwaka ulipokwisha alishika mkia, baba yake akamtoa shule, familia ikahamia kijiji cha Kisawasawa. Mimi nilicheza rede kila mapumziko. Nilijifariji kwa kitu kimoja: kwamba hakunisikia.

Mwaka jana binti yangu wa mwisho alianza kutoka usaha sikioni. Na mimi, mtu mzima mwenye simu kubwa, nikapasha mafuta. Nikamtia wiki mbili nzima kabla ya kumpeleka hospitali. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, aliniamkia shikamoo, kisha akanisema kwa adabu.

"Mama, usitie mafuta wala kitu kingine chochote. Sokota kitambaa safi cha pamba, kiweke kinyonye usaha, badilisha mpaka kitoke kikavu, ndipo utie matone haya niliyomwandikia. Maji yasiingie, wala asichokonolewe kwa njiti. Usaha ukiachwa miezi na miezi, ngoma ya sikio inatoboka na usikivu unapotea. Ukiwahi, mtoto anapona."

"Na wale wa zamani?" nikamuuliza.

"Wengi wangepona, mama. Kama wangeletwa."

Sikio la binti yangu likakauka. Jumamosi moja nikapanda gari kwenda Kisawasawa kumtafuta Skola.

Nilimkuta uani akianika mpunga pamoja na mkwe wake. Alinitambua mara moja, akacheka, akanipa kigoda. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia kwa sauti ya chini, sisi wawili tu. Lakini hata sikio la kulia lilikuwa limefifia. Akanigeuzia hilo hilo. "Sema kwa nguvu, dada."

Basi nikapaza sauti. Mkwe akasimamisha ufagio, na jirani aliyekuwa anatwanga akaacha kutwanga.

"Nilimwambia mwalimu kwamba unanuka. Nilisema uongo. Nisamehe, Skola."

Aliendelea kuutandaza mpunga kwa mguu, taratibu.

"Nilisikia," akasema. "Siku ile hili la kulia lilikuwa bado linapata maneno ya karibu. Nilikaa kimya kwa sababu nilijua mwalimu hatakuamini."

Akaniuliza habari za watoto, nikamweleza za binti yangu na yule daktari. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba mara ya pili. Mwezi uliofuata alikubali nimpeleke kupimwa. La kushoto halitarudi tena. La kulia lilikuwa limejaa nta, wakalisafisha, sasa anasikia nafuu.

Watu wa rika langu hupenda kusema kwamba enzi zetu tulipendana, mtoto wa mwenzio alikuwa wako, na kwamba vijana wa leo wenye hedifoni masikioni hawamsikii mtu. Zamani nilikuwa nadakia kukubali. Siku hizi natazama chini. Kijana wa leo ukimgusa bega, anachomoa vile vidude, anasema, "Abee, mama." Sisi tulikuwa na mwenzetu ambaye hakuwa na cha kuchomoa, na ni mimi niliyemwacha kule nyuma.