Lita Kumi na Nne, Kilo Sita

Mume wangu, mzee Kiptum, alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha majani chai hapa Sosiot miaka ishirini na mbili. Amestaafu, lakini mizani haijamtoka. Mkate anapima. Kuku anapima. Juzi nilimkuta amemning'iniza paka wetu ndani ya kiondo, anasoma gramu.

Mwezi wa tatu alipata kwa fundi wa kuchomelea mtungi mkuukuu wa gesi, ule wa kilo sita, umetolewa kichwa. Akaujaza maji kwa kopo la maziwa la lita moja, akihesabu kwa sauti. Yakaingia makopo kumi na manne. Na lita ya maji, kila mtu anajua, ni kilo.

"Janeffer! Mtungi unabeba kilo kumi na nne, na Nyanchoka dukani anatuuzia sita! Tunaibiwa mchana kweupe!"

Nikamwambia tukamwulize mwenyewe kwanza. Wapi! Asubuhi alikuwa kituoni, watu wamepanga foleni na majani yao, yeye anatangaza. Na wanamwamini, kwa sababu hajawahi kumpunja mtu. Baada ya wiki mbili akina mama walikuwa wanapeleka mitungi Kericho kwa pikipiki, na Nyanchoka, mjane anayesomesha watoto watatu kwa hilo duka la gesi, anakaa mlangoni peke yake. Niliona aibu. Nikamshika mzee mkono mpaka dukani.

Nyanchoka hakupiga kelele. Aliweka mtungi uliojaa kwenye mizani: kilo kumi na tatu. Kisha akatuonyesha namba iliyogongwa shingoni, uzito wa mtungi mtupu: saba.

"Sita imetimia," Kiptum alikubali, maana na mizani hawezi kubishana. "Lakini hizo nane zingine ziko wapi?"

"Karani, gunia la majani mabichi na gunia la mahindi, yote yamejaa. Uzito ni sawa?"

"Majani ni mepesi," mzee akajibu. Haki ya Mungu, miaka ishirini na mbili ameyapima!

"Humu gesi imeshindiliwa mpaka ikawa maji," Nyanchoka akasema, "lakini ni maji mepesi. Lita moja ni nusu kilo na kidogo tu."

Macho ya mzee yakawaka. Akaomba kalamu, akapiga hesabu kwenye kiganja. Kumbe kilo sita ni kama lita kumi na moja! "Na hizo lita tatu zilizobaki?"

"Ni nafasi. Jua likipiga, gesi inafura. Wewe unajaza maziwa sufuria mpaka juu ukiweka motoni?"

Akautikisa mtungi, akaweka sikio, akasikia hayo maji mepesi yakicheza ndani. Weh, alifurahi! Alikuwa ameshasahau kilichotuleta. Mimi sikusahau. Nikamkanyaga mguu.

"Mama, nisamehe," akasema. "Kesho nitasema palepale kituoni."

"Asante, Karani. Na wale ambao hawatakuwa kituoni?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku nne mzee alipanda na kushuka vilima hivi, mtungi begani, akieleza kila jikoni kwamba lita ya gesi si lita ya maji. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Chelangat, nyanya ambaye hatoki kwake. Alimsikiliza mpaka mwisho, akashangaa.

"Ai! Kwani nani alisema Nyanchoka ni mwizi?"

Mzee akavua kofia.

"Ni mimi."