Askari wa Mafuta

Baba yangu hakuwahi kupigana vita. Alilisema hilo mwenyewe, tena mbele za watu, hasa pale Kisondela wanaume walipokaa kwenye benchi la dukani na kumtaka awasimulie habari za jeshini. "Mimi nilikuwa askari wa mafuta," alikuwa akiwajibu. "Wenzangu walibeba bunduki, mimi nikasukuma mapipa." Walicheka, naye alicheka nao, kisha alishika panga lake na kurudi kwenye miparachichi yake.

Utumishi wake wote aliumaliza kwenye ghala la mafuta la kambi moja iliyo mbali na kwetu, kambi ambamo mimi nilizaliwa na kukulia. Kwa hiyo kwangu baba alinukia petroli kama baba za wenzangu walivyonukia tumbaku au ng'ombe. Mama alifua magwanda yake kwenye beseni la peke yake, akayaanika mbali na jiko. Jioni baba aliingia nyumbani na mikono myeupe iliyopasuka, kwa sababu wote pale ghalani walinawa petroli ili kutoa grisi, na sabuni ilikuja baadaye ikipatikana. Pampu ikigoma, mtu alitia mpira mdomoni akanyonya mpaka mafuta yaje. Yakija, alitema, akapewa kikombe cha maziwa. Walikuwa wanaamini maziwa yanakata sumu.

Kazi aliyoiogopa ilikuwa moja tu, kusafisha matangi. Tangi likishatolewa mafuta yote, watu wawili walishuka ndani kwa ngazi, kamba viunoni, wakakwangua tope jeusi lililoganda chini. Aliyekuwa akishuka naye ni askari mwenzake, Mwislamu wa hukuhuku Rungwe. Waliingia jeshini pamoja, wakapangwa ghala moja. Baba alimwita Shehe kwa utani. Yeye alimwita baba Afande, kwa kuwa baba alimtangulia kupandishwa cheo. Sisi watoto tulimwita baba mdogo. Wakitoka ndani ya tangi walikuwa wanayumba kama walevi, na siku hizo sisi tuliona ni kichekesho.

Walistaafu karibu wakati mmoja. Baba mdogo alifungua duka la vitenge Tukuyu mjini. Baba alirudi kwenye shamba la babu, akang'oa kahawa iliyozeeka na kupanda miparachichi katikati ya migomba. Mimi nilikuwa nimeolewa na kuhamia Ibighi, nina cherehani yangu barazani. Kila nilipokwenda kumsalimia nilimkuta juu ya ngazi akikata matawi, anaimba.

Siku moja nilimkuta amekaa chini katikati ya kilima, ameegemea mgomba, kikapu kitupu pembeni.

"Tata, vipi?" nikamwuliza baba.

"Kilima kimekuwa kirefu," akasema.

Baada ya hapo ilikuwa ni kushuka tu. Alipiga mswaki akatema damu. Akijigonga kidogo kwenye meza, paja linakuwa jeusi kwa wiki nzima. Midomo yake ilipauka. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba huo ni ule ugonjwa wa askari, wamezoea maisha ya kambini, unadhani nini? Mama alisikia akiwa kisimani. Aliweka ndoo chini, akapanda bodaboda hadi zahanati, akapimwa yeye kwanza, kisha akamleta baba naye akapimwa. Wote wawili walikuwa hawana virusi. Jumapili yake, baada ya ibada, mama alisimama nje ya kanisa akalitangaza jambo hilo kwa sauti, kwa Kinyakyusa, ili hata vikongwe wasikie. Baba alitazama chini muda wote. Sijui kama alimshukuru au alimwonea haya.

Hospitali ya Mbeya ndiko tulikopata jibu. Walimtoboa mfupa wa nyonga wakachukua uboho. Daktari aliyemhudumia alikuwa dada wa umri wangu, mpole, mwenye kuuliza sana.

"Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Askari."

"Askari wa nini?"

Baba akatabasamu. "Wa mafuta."

Yule daktari hakutabasamu. Aliiweka kalamu chini, akavuta kiti karibu, akataka aelezwe yote, tangu mpira wa mdomoni hadi tangi. Halafu akatueleza kwa Kiswahili chepesi kwamba uboho ndio unaotengeneza damu, na kwamba ndani ya petroli kuna kemikali inayoweza kuuharibu polepole, miaka mingi, bila mtu kujua. Uboho wa baba ulikuwa umechoka. Wangemwongezea damu za watu, lakini hawakuwa na namna ya kumrudishia yake.

Mama akauliza, "Na mimi niliyefua zile nguo?"

"Wewe tutakupima, mama," daktari akamwambia. Walimpima. Alikuwa salama.

Daktari huyohuyo ndiye aliyemshauri baba adai fidia ya askari aliyepata ulemavu kutokana na utumishi. Baba alikataa. Alikataa Mbeya, akakataa garini, akaendelea kukataa hata tulipofika nyumbani.

"Sikupigwa risasi mimi," alisema. "Kuna watu waliacha miguu yao huko. Nikasimame nao mstari mmoja nikasema nini? Kwamba nilivuta harufu?"

Aliyembadilisha ni mama. Hakumbembeleza. Alimwambia, akimenya ndizi za mbalaga, "Hata hilo benchi la dukani hulifiki siku hizi. Kama siyo kazi iliyokula nguvu zako, basi ni mimi niliyekuroga. Chagua moja uende ukawaambie." Baba akacheka mpaka fizi zikatoa damu. Wiki iliyofuata akaniambia nimwandalie koti.

Ilitakiwa apatikane mtu wa kushuhudia alichokuwa anafanya, kwa sababu kwenye kumbukumbu za kazi aliandikwa mtunza ghala tu, na mtunza ghala anaweza kuwa mtu wa kukaa mezani. Nikaenda dukani kwa baba mdogo. Nilimkuta anapima kitenge kwa dhiraa ya mkono. Nikamweleza. Aliendelea kupima kitambaa kilekile, mara ya pili, mara ya tatu.

"Mwanangu," akasema mwisho, "yale mafuta hayakuwa na neno. Sote tuliyafanyia kazi. Baba yako ana ugonjwa wake tu, Mungu ndiye anayejua."

"Daktari amesema ni mafuta, baba mdogo."

"Sasa ukisema ni mafuta," akasema, na sauti ikashuka, "mimi nilale vipi?"

Aliniwekea chai, hatukuinywa. Niliondoka nikiwa nimeshajua kwamba hatakuja. Sikuweza kumkasirikia. Nilipomwambia baba, akasema, "Mwache Shehe. Ana haki ya kuogopa."

Siku ya safari ya kwenda mbele ya bodi inayosikiliza madai ya askari, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, mtu humwoni mpaka akufikie. Tulikuwa tumesimama kituoni Tukuyu, mimi, mama na baba aliyefungwa shuka juu ya koti, tukaona mtu anakuja amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na balaghashia. Alisimama mbele ya baba kwa ukakamavu, akampigia saluti.

"Afande, tangi lipi leo?"

Baba alimshika mkono. Njia nzima walikaa kiti kimoja, na baba mdogo alimshikilia bega kila gari lilipokata kona.

Ofisi ya bodi ya madaktari ilikuwa na korido ndefu yenye mabenchi. Ilijaa watu wa magongo, watu wa mikono mitupu ya shati iliyokunjwa kwa pini. Baba alipunguza mwendo alipowaona, nikadhani atageuka arudi. Mzee mmoja wa mguu mmoja alimsogezea nafasi, akamtazama juu mpaka chini akitafuta jeraha.

"Wewe ndugu, uliacha nini?"

Baba alifikiri. "Damu," akasema.

"Wapi?"

"Pote tu."

Yule mzee hakucheka. Alitikisa kichwa, akamtandikia koti lake ili akae pazuri.

Ndani, waliokuwa mezani walikuwa watu wa adabu. Hilo naomba lieleweke, hakuna aliyetufokea. Walimsikiliza baba. Kisha wakamgeukia shahidi, na baba mdogo aliwaeleza kila kitu vizuri kabisa. Alieleza mpira na maziwa, akaeleza jinsi siku moja baba alivyozimia chini ya tangi naye akamvuta kwa kamba mpaka mdomoni mwa tangi, akampepea kwa kofia. Hilo mama na mimi tulikuwa hatulijui. Mama alimgeukia baba, naye baba akajifanya anatazama dirisha.

Mwenyekiti akauliza, "Ninyi wawili mlianza pamoja?"

"Pamoja, mheshimiwa."

"Na kazi zilikuwa zilezile?"

"Zilezile. Tangi moja, ngazi moja."

"Mlimaliza pamoja?"

"Karibu sawa."

"Na wewe, mzee wangu, afya yako?"

Nilimwona baba mdogo akiielewa ile njia aliyoongozwa kuingia. Angeweza kusema kichwa kinamuuma, kifua, chochote. Mtu wa umri wake hakosi cha kusema. Akamtazama baba, na baba akamtikisia kichwa kidogo sana, kumwambia asithubutu kusema uongo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mimi ni mzima."

Mwenyekiti akashukuru, akainama kuandika. Tukajua.

Jibu walilitoa siku ileile mchana. Walikubali kwamba baba ni mgonjwa, wakakubali kwamba alifanya kazi na mafuta, lakini walisema hawawezi kuthibitisha kwamba hili limetokana na lile, maana mwenzake wa kazi hiyohiyo hana tatizo. Tungeweza kukata rufaa kwa maelezo ya daktari bingwa.

Nje, baba mdogo alikalia ukingo wa mtaro na kanzu yake nyeupe, hakujali tope. Alikuwa analia kama mtu aliyefiwa. "Uzima wangu ndio uliokuangusha, Afande. Nimekuja kukusaidia na mwili wangu umekusaliti."

Baba alijishusha taratibu akakaa naye palepale mtaroni. "Ungesema unaumwa, ningekuchukia," akamwambia. "Ulitaka uugue ili mimi niaminiwe? Hapana, Shehe. Wewe kaa mzima."

Daktari wa Mbeya aliandaa maelezo ya rufaa, akaeleza kwamba sumu haiwapigi watu sawasawa, kama malaria isivyowapata wote waliolala nyumba moja. Tukaambiwa tusubiri kuitwa. Masika ikaingia. Kila baada ya muda tulimpeleka baba kuongezewa damu, na kila mara zile siku za nafuu zilikuwa chache kuliko za mwanzo. Baba mdogo alifunga duka kila tulipoitwa, akaja na wanawe watu wazima na vijana wa msikitini kwao kutoa damu. Baba aliniambia, "Sasa nina damu ya Kiislamu nyingi kuliko ya Kikristo. Mchungaji atanizika kweli?" Nilicheka nikatoka nje nikalia kwenye ngazi za wodi.

Alifariki asubuhi, nyumbani, mvua ikinyesha kwenye majani ya migomba, mama akimshika miguu kwa sababu alisema inapoa. Watu walijaa kutoka Kisondela yote na Lupepo, wakiingia wakitupa pole, "ndaga, ndaga", na hata wale wa kisimani walikuja, nao mama aliwapokea. Mchungaji alimzika. Baba mdogo alishuka kaburini kusaidia kupokea jeneza. Nilimsikia anauliza kwa sauti ndogo kule chini kama limekaa sawa.

Baada ya matanga tulipigiwa simu kwamba rufaa imepangiwa siku. Nilimwambia aliyepiga kwamba mwenye shauri amefariki. Aliomba radhi, akatupa pole, akaeleza kwamba kwa kuwa mgonjwa hawezi kuchunguzwa tena, jalada litafungwa. Mama aliniuliza wamesemaje. Nilipomweleza, akasema, "Angalau sasa hakuna atakayemwuliza tena kama anaumwa." Akachukua jembe akatoka.

Mwaka huu, parachichi zikiwa zinaanza kukomaa, baba mdogo alikuja Ibighi barazani kwangu. Alisimama muda akitazama cherehani. Akaniomba nimsindikize Mbeya kupimwa damu, kwa kuwa wanawe hakutaka kuwatisha. Nilifunga kazi tukaenda. Yule daktari alikuwa bado yupo, akatukumbuka. Tulisubiri majibu hadi alasiri, baba mdogo akisogeza tasbihi mfukoni.

Daktari akaja akasema damu yake ni nzuri, aendelee kuja kuangaliwa mara kwa mara, lakini kwa leo hana neno.

Nilimgeukia nimpongeze. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono miwili imefunika uso.

"Nilikuwa nimeshajiandaa, mwanangu," akasema. "Nilitaka nikasimame mbele ya ile bodi tena, safari hii nikiwa mgonjwa."

Nilimshika mkono tukashuka polepole kuelekea stendi, mahali magari ya Tukuyu yanapopakia.