Mama Amepata Utulivu Ufaransa, Nami Nina Mimba Asiyoijua

Admin, jina langu liweke pembeni, maana huku kwetu Kasubi hata paka anajua habari za watu. Wana ukurasa, salamu kwenu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, Mnubi, nimeolewa, nauza vyombo vya plastiki soko la Kalerwe. Nina mimba ya miezi saba na mama yangu mzazi hajui. Msianze kunitukana, nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Kwetu Wanubi, mwanamke akijifungua, mama yake ndiye anayemwogesha mpaka arobaini iishe. Ni maji ya moto yenye majani, kukandwa kiuno, kufungwa kitambaa tumboni, kufukizwa, na uji wa simsim, yaani ufuta, upende usipende. Mama yangu alikuwa fundi wa kazi hiyo. Mtaa mzima ulimwita. Aliyefiwa na mama yake alimkimbilia yeye, aliyegombana na mama yake alimkimbilia yeye, na mama hakujua kusema hapana. Baba yetu, aliyekuwa polisi, alipofariki, ndiyo mlango haukufungwa kabisa. Maji yale yakamla mikono. Vidole vilivimba, viungo vikakakamaa, akawa anakunja uso hata akishika kikombe cha chai.

Dada yangu mkubwa anaishi Ufaransa, katika mji mdogo wa pwani, na mume wake Mkomoro. Mwaka jana alijifungua na mama akaenda kumwogesha. Alituaga kwamba arobaini ikiisha anarudi. Ikaisha, akasema ngoja mtoto apate chanjo. Kisha ngoja baridi ipungue. Mwishowe tukaelewa wenyewe, na dada akaanza kumshughulikia karatasi za kukaa.

Nisiwadanganye, mwanzoni nilikasirika. Nilimwona mama kama mtu aliyetoka sokoni akatuachia meza. Lakini kila akinipigia kwa video hasira inaisha. Mama anatembea ufukweni asubuhi, amevaa koti la dada na kilemba chake kilekile. Bahari ya kule ni baridi, hakuna anayeoga, watu wanatembeza mbwa tu na kusalimiana. Maduka yanafungwa mchana watu wakale, na mama naye akila analala. Mama yangu, analala mchana! Ana rafiki, bibi mmoja wa Kifaransa wa nyumba ya pili. Hawaelewani hata neno moja, lakini wanakaa kwenye benchi wanamenya maharagwe pamoja, mmoja akicheka na mwingine anacheka. Siku moja nikamuuliza kama hachoki na ukimya ule. Akaniambia, "Mwanangu, hapa hakuna mtu anaita mimi." Alisema kwa furaha, kama anayetaja zawadi aliyopewa.

Sasa hii mimba. Kabla yake nimepoteza mbili, na zote mbili nilizitangaza mapema, watu wakanipongeza hadi wasionijua. Kwa hiyo safari hii niliapa kwamba hakuna atakayeambiwa mpaka itulie, si mama, si nani. Mama mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuogopa jicho la watu. Lakini ilipotulia, karatasi zake zilikuwa zimefika katikati.

Nikamwambia dada peke yake, nikimuuliza kwa utani kama anaweza kunikopesha mama kidogo. Akalia. Akasema, "Ukiambia yeye leo, kesho ako kwa ndege. Na karatasi bado. Akitoka sasa, kurudi hapana." Aliniapia kwamba uamuzi ni wangu na hatanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mume wangu ni mlinzi, mtu wa Arua, mama yake alishatangulia mbele ya haki. Yeye anasema nimwambie mama yaishe, kwamba mtoto si siri ya jeshi. Jirani mmoja amejitolea kuniogesha, ni mwanamke mwema, Mungu ambariki. Lakini zile mimba mbili zilipotoka, mama ndiye aliyenikanda, akanifunga tumbo, akalala nami kwenye mkeka mpaka nikaweza kusimama. Naogopa kuzaa bila yeye. Naogopa sana, na aibu ya kusema hivyo katika umri huu imeniisha.

Nikinyamaza, atasikia mjukuu ameshazaliwa na kuogeshwa na mikono ya watu. Kwetu hilo ni jeraha. Ataona nilimhesabu kama maiti.

Siku hizi nikiongea naye naonyesha uso tu. Ijumaa iliyopita akaniuliza kwa nini simu naishika karibu hivyo kama kipofu. Nikasema kamera imeharibika. Akacheka, akasema nimenenepa mashavu. Kisha akasema ana kitu cha kunionyesha, akaweka simu juu ya meza, akainua mikono yake miwili mbele ya kamera, akaikunja na kuikunjua.

"Tazama," akasema. "Imepona. Hata pete ya baba yako inaingia sasa."

Ile pete yake ya ndoa ilikuwa imekaa kwenye kopo la vifungo tangu nikiwa msichana. Niliitazama ile mikono, laini, vidole vimenyooka, na mtoto akanipiga teke tumboni wakati huohuo. Nikasema, "Alhamdulillahi, mama," nikakata simu nikisingizia mteja.

Wanasema penye wengi hapaharibiki neno, nanyi hapa mko maelfu. Nimwite aje kutia tena mikono ile kwenye maji ya moto, na nyumba yake ya kimya aipoteze kwa ajili yangu? Au ninyamaze, nizae, halafu nimpigie? Jumamosi anapiga tena. Niambieni nimjibu nini, maana mimi nimeshindwa.